Maswali ya Wasomaji: Kigiriki Ndani ya Faili la Hospitali

SWALI: Shikamooni. Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Kila wiki tunapewa orodha ndefu ya maneno ya kitabibu ya Kiingereza, na mtihani ukishapita yote yananitoka. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Acha kukariri maneno mazima. Mengi ya maneno hayo ni vipande vya Kigiriki vilivyoungwa, na vipande ni vichache kuliko maneno. Kariri vipande, kisha usome kinyumenyume: mkia kwanza, maana mkia ndio unaokwambia kama unaongelea ugonjwa, kipimo au oparesheni.

Mikia ya kuanza nayo ni hii. -itis ni mchochota, yaani mahali pamevimba, pamekuwa pekundu, pana joto na panauma. -algia ni maumivu. -oma ni uvimbe, ila soma jibu la tatu kabla hujaogopa. -megaly ni kukua kupita kiasi, na -penia ni upungufu. -pathy ni ugonjwa tu, bila kutaja wa namna gani. -scopy ni kutazama ndani kwa kifaa. -Graph ni mashine inayochora, na -gram ni mchoro au picha inayotoka. -rrhoea ni kutiririka, -rrhagia ni kutoka damu kwa wingi. Mikia ya upasuaji tumeiweka peke yake huko mbele.

Baada ya hapo shika mizizi ya viungo. Moyo ni cardi-, ini ni hepat-, figo ni nephr-, tumbo lenyewe linalopokea chakula ni gastr-, utumbo ni enter-, ubongo ni encephal-. Mfupa ni oste-, kiungo cha mifupa ni arthr-, msuli ni my-, ngozi ni dermat-, damu ni haemat- au haem-, vena ni phleb-. Kichwani: jicho ni ophthalm-, sikio ni ot-, pua ni rhin-, kinywa ni stomat-, ulimi ni gloss-, jino ni odont-. Nyongo ni chol-, na kibofu au kifuko chochote ni cyst-.

Sasa gundi. Vipande huunganishwa na herufi o. Mkia ukianza na irabu, o huondoka: gastr- na -itis hutoa gastritis. Mkia ukianza na konsonanti, o hubaki: gastroscopy. Lakini mzizi ukikutana na mzizi mwingine, kwa kawaida o hubaki hata kama wa pili unaanza na irabu. Ndiyo maana tunaandika gastroenteritis. Ukiisoma kutoka nyuma unapata mchochota, utumbo, tumbo: ule ugonjwa wa kuhara na kutapika. Jaribu mwenyewe hepatomegaly na arthralgia, kisha ujipime na otorhinolaryngology, ambalo ni jina la kliniki ya masikio, pua na koo na lina mizizi mitatu kabla ya mkia -logy, yaani taaluma.

Onyo moja la wodini. -itis haisemi kuna wadudu. Gastritis inaweza kuletwa na bakteria, lakini pia huletwa na pombe na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Anayeona -itis kwenye faili na papo hapo akawaza antibayotiki amesoma mkia akasahau mgonjwa.

SWALI: Mwalimu anasema stoma ni kinywa na thorax ni kifua. Mbona basi hatuandiki stomitis, na mbona thorax inageuka thoracic? Ile t na ile c zimetoka wapi? – Kidato cha tano, Arusha

JIBU: Zimetoka kwenye Kigiriki chenyewe. Nomino ya Kigiriki ina umbo la kutajwa peke yake na umbo jingine la umilikishi, lenye maana ya "ya kitu fulani". Mara nyingi lile la kwanza limekatwa, na shina kamili hujitokeza kwenye la pili. Stoma ni kinywa, stomatos ni "ya kinywa", na istilahi hujengwa juu ya shina stomat-. Ni vivyo hivyo kwa derma na dermatos, haima na haimatos, hepar na hepatos. Kwenye ini maumbo yote mawili yamesalia: hepatitis imefuata shina refu, wakati heparin, dawa ya kuzuia damu isigande, ilipewa jina mwaka 1918 kwa umbo fupi kwa sababu ilipatikana kwanza kwenye ini la mbwa.

Herufi x nayo inaficha kitu. Katika maneno haya ni k au g iliyokutana na s. Ukiondoa s, iliyofichwa inaonekana: thorax huwa thorac-, larynx huwa laryng-, pharynx huwa pharyng-, meninx huwa mening-, coccyx huwa coccyg-. Ukikutana na neno linaloishia x, jifunze mashina papo hapo, usingoje yakuchanganye kwenye mtihani.

SWALI: Dada yangu alipigwa altrasaundi, karatasi ikaandikwa uterine myoma. Jirani aliyesoma akatuambia hiyo ni myeloma, saratani ya damu. Nyumba nzima haijalala. Daktari anasema uvimbe ukitolewa utapelekwa histopathology, na mimi nilidhani neno hilo nalo ni la kizazi. Tufafanulieni. – Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Jirani ameongeza silabi moja, na hiyo ndiyo iliyowanyima usingizi.

Myoma ni my-, msuli, na -oma, uvimbe. Jina lake kamili ni leiomyoma, ambapo leios ni laini, kwa kuwa kuta za kizazi zimejengwa kwa msuli wa aina inayoitwa laini. Kwa Kiingereza cha kawaida huitwa fibroid. Ni uvimbe wa kizazi unaowapata wanawake wengi sana, na kwa sehemu kubwa mno si saratani. Myeloma ina myel-, kutoka myelos, uboho ulio ndani ya mfupa. Hiyo ni saratani ya seli za uboho, haina uhusiano wowote na kizazi. Ukubwa wa uvimbe wa dada yako, mahali ulipokaa na kama kuna haja ya kuutoa, hayo muulizeni daktari aliyempima. Sisi tunasoma neno, yeye ndiye aliyeona picha.

Kwenye herufi hizo mbili, my, wamejazana ndugu wasiohusiana, na wahudumu wa afya huteleza hapo pia. My- ni msuli. Myc- ni fangasi, kutoka mykes. Mycetoma ni ugonjwa sugu unaovimbisha na kutoboa mguu. Myx- ni ute. Myel- yenyewe ina sura mbili, kwa kuwa Wagiriki waliita myelos chochote laini kilichojaa ndani ya mfupa, iwe uboho au uti wa mgongo ulio ndani ya pingili. Katika osteomyelitis ni mfupa na uboho wake. Katika poliomyelitis, ile polio ya watoto, ni uti wa mgongo: polios ni rangi ya kijivu, na virusi vyake hushambulia sehemu ya kijivu ya uti huo. Hapa huna budi kutazama jirani wa mzizi ndipo ujue ni myelos ipi.

Histopathology nayo imekudanganya kwa sauti. Kizazi ni hyster-, kama katika hysterectomy. Hist- ni tishu, kutoka histos, kitambaa kilichofumwa. Kipimo hicho ni kukata vipande vyembamba vya nyama iliyotolewa na kuvitazama kwa hadubini. Hufanywa kwa nyama ya titi, ya ngozi, ya tezi, ya popote.

Na hiyo -oma isiwatishe kila mkiiona. Haematoma ni damu iliyovilia. Glaucoma ni ile wengi tunayoiita presha ya macho. Trachoma ni vikope, na trachys ni kukwaruza, kwa jinsi ukope unavyokuwa ndani. Hakuna saratani hata moja hapo. Lipoma ni uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, nao si saratani. Lakini lymphoma na melanoma ni saratani, kwa hiyo mkia peke yake haukati kesi. Neno lenye habari nzito ni carcinoma, kutoka karkinos, kaa wa baharini. Waarabu nao walimwita mdudu yuleyule saratani, na sisi tukachukua jina kwao.

SWALI: Kwenye barua za rufaa nakutana na nephrotomy, nephrostomy na nephrectomy, tena kwa mwandiko wa haraka. Nipeni namna ya kuzitenga isiyokosea. – Tabibu, Kigoma

JIBU: Mikia hii mitatu ndiyo yenye gharama kubwa kuliko yote, ndugu tabibu, maana tofauti ni herufi moja au mbili, na nyuma ya herufi hizo kuna kiungo cha mtu.

-tomy imetoka tome, mkato. Nephrotomy ni kupasua figo, kwa mfano ili kutoa jiwe, kisha kushona. Figo inabaki. -stomy imetoka stoma, kinywa: daktari anafungua mdomo unaobaki wazi. Nephrostomy ni mrija unaotoka ndani ya figo hadi nje ya ngozi ya mgongo ili mkojo upate njia. -ectomy ina ek, nje, mbele ya tome: kukata na kutoa nje. Nephrectomy ni kuondoa figo. Kwa utumbo mpana ni hivyo hivyo. Colotomy ni kuupasua, colostomy ni ile njia ya haja inayotokea tumboni na kuvishwa mfuko, colectomy ni kuukata na kuutoa wote au sehemu. Kwenye koo wengi huchanganya tracheotomy na tracheostomy bila madhara makubwa, kwa kuwa mkato wenyewe ndio huwa tundu.

Palipo na hatari ni kwenye kizazi. Hysterotomy ni kupasua kizazi, jambo linalofanyika kila mama anapozalishwa kwa upasuaji. Kizazi kinashonwa na kubaki. Hysterectomy ni kukitoa. Tofauti yake ni o moja dhidi ya ec. Kwenye fomu ya ridhaa usimsomee mama neno hilo peke yake. Sema wazi: kizazi kitapasuliwa na kushonwa, au kizazi kitatolewa na hutazaa tena. Mwache arudie kwa maneno yake kabla hajatia sahihi.

Kwenye barua yenyewe fuata utaratibu huu. Andika neno zima kwa herufi za kuchapa, usilifupishe. Mbele yake weka maelezo ya kawaida ya Kiingereza, "removal of left kidney", na upande uandikwe kwa neno kamili, si kwa L au R. Ukipiga simu thieta, taja mkia herufi kwa herufi na umtake anayepokea akusomee alichoandika. Ukipokea barua isiyosomeka, usikisie kutokana na utambuzi wa ugonjwa. Piga simu kwa aliyeandika.

Mikia mingine ya upasuaji: -plasty ni kutengeneza umbo upya, -rrhaphy ni kushona, -pexy ni kukipachika kiungo kisitembee, -desis ni kukigandisha kama katika arthrodesis, -centesis ni kuchoma sindano na kunyonya maji. Na ukiona majina ya viungo viwili mbele ya -stomy, kama gastrojejunostomy (tumbo na jejunum, kipande cha utumbo mwembamba), hakuna tundu la nje: viungo hivyo viwili vimeunganishwa mdomo kwa mdomo.

SWALI: Nawatafsiria hospitalini Wakongomani wanaozungumza Kiswahili. Daktari mmoja anasema renal, mwingine nephrology. Huyu pulmonary, yule pneumonia. Ni viungo tofauti? – Mkalimani, Marekani

JIBU: Ni kilekile, figo na pafu. Renal na pulmonary ni Kilatini, nephr- na pneumon- ni Kigiriki. Tiba ya Roma ilikuwa mikononi mwa Wagiriki, na mkubwa wao Galen aliandika Kigiriki, kwa hiyo magonjwa yalibaki na majina ya Kigiriki. Wanaanatomia wa Ulaya baadaye waliandika Kilatini, na mwaka 1895 walikutana Basel, Uswisi, wakakubaliana orodha moja ya majina ya Kilatini ya sehemu za mwili. Kanuni ya mkononi ni hii: mshipa, neva au mfupa ukitajwa, tegemea Kilatini, ugonjwa, oparesheni au idara, tegemea Kigiriki. Ateri ya figo ni renal artery, ugonjwa wake ni nephritis. Ubongo ni cerebral, jino ni dental, ngozi ni cutaneous. Upande wa magonjwa utasikia encephal-, odont- na dermat-. Kanuni ina mashimo. Appendicitis ni kichwa cha Kilatini chenye mkia wa Kigiriki, na hakuna anayelalamika.

Mtego wa kazi yako uko kwenye pneum-. Mzizi huo hubeba pafu na hewa vyote viwili. Pneumonia ni nimonia, ugonjwa wa pafu. Pneumothorax ni hewa iliyoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, nayo huenda ikahitaji mrija dakika hiyohiyo. Ukimwambia mgonjwa "ni nimonia" umeharibu kazi. Sema "hewa imeingia kifuani nje ya pafu".

SWALI: Je, Kiswahili nacho kimebeba Kigiriki hiki, au tumeletewa tu na Waingereza? – Mwalimu, Zanzibar

JIBU: Kimebeba, mwalimu, na kwa njia ya Waarabu kabla ya Waingereza. Katika karne ya 9, Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri vitabu vya Galen. Nadharia ya Kigiriki ilisema mwili una vimiminika vinne: damu, phlegma, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Phlegma ikawa balgham kwa Kiarabu, nasi tukapata balghamu, kohozi linalotoka kifuani. Kiingereza kikaichukua hiyohiyo kama phlegm, pamoja na g isiyotamkwa. Nyongo nyeusi, melaina chole, ndiyo melancholia. Nyongo ya manjano Waarabu waliiita safra, na huku kwetu safura ikawa jina la ugonjwa wa minyoo inayomnyonya mtu damu hadi apauke. Jina la kitaalamu la ugonjwa huo, ancylostomiasis, ni Kigiriki: ankylos ni kupinda, stoma ni kinywa. Ukimweka mnyoo chini ya hadubini utaona kichwa kimepinda kama ndoano. Anaitwa Ancylostoma duodenale kwa sababu alipatikana kwenye duodenum, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Herophilus wa Alexandria, kwenye miaka ya 300 kabla ya Kristo, alikiita kipande hicho "vidole kumi na viwili" kwa upana wa vidole, ambao ni karibu sentimeta 25; Kilatini kikatafsiri.

MASWALI YA HARAKA

Paediatrics na pedicure ni ndugu? Hapana. Paed- ni mtoto kwa Kigiriki, ped- ya pedicure ni mguu kwa Kilatini. Mguu kwa Kigiriki ni pod-, kama podiatry. Orthopaedics ina mtoto ndani yake kwa sababu Mfaransa Nicolas Andry, aliyelitunga mwaka 1741, alikuwa akiandika juu ya kunyoosha maungo ya watoto.

Arthritis, arteritis, atheroma? Kiungo cha mifupa, ateri, na mafuta yaliyoganda ndani ya ateri. Athere ni uji, na ukipasua uvimbe huo utaelewa.

Pyelonephritis, pyonephrosis, pyrexia? Pyel- ni beseni la figo linalokusanya mkojo, pyo- ni usaha, pyr- ni moto, kwa maana ya homa.

Cystitis na leucocyte? Cyst- ni kibofu, cyt- ni seli. Leucocyte ni seli nyeupe ya damu.

Hydrocephalus na encephalitis? Cephal- ni kichwa. Ukitanguliza en-, ndani, unapata kilicho ndani ya kichwa, yaani ubongo. Ya kwanza ni kichwa maji, ya pili ni mchochota wa ubongo wenyewe. Meningitis ni ya utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo.

Mbona kamusi haina oedema, yaani kuvimba kwa maji mwilini? Una kamusi ya Kimarekani. Waingereza huandika ae na oe, Wamarekani huacha e peke yake: anaemia na anemia, oesophagus na esophagus, diarrhoea na diarrhea. Ukikosa kwenye O, fungua E. Kwenye kompyuta ya hospitali tafuta kwa tahajia zote mbili, la sivyo utaona nusu ya majalada.